Inspekta wa Jikoni Kwetu

Majina nitayataja. Anayetaka kunishtaki aje Kinoo aulize yule mpishi aliyeungua mkono, ataonyeshwa mlango. Mwalimu mkuu Gathimba namtaja. Mheshimiwa Rugiti wa kule Loresho namtaja. Mwenyekiti Tindwa namtaja, pamoja na kamati yake iliyokuwa ikinywa chai ndani huku sisi tumesimama koridoni kama watu waliokuja kuomba kazi. Lakini huyu ninayetaka kumweleza hapa sitamtaja jina. Tulimwita Inspekta, hata baada ya serikali kumpa barua ya kustaafu, na kwangu mimi atabaki Inspekta.

Alikuwa mama mrefu, mkavu, koti la kijani mwaka mzima, viatu vya kamba kama vya askari. Kazi yake serikalini ilikuwa kukagua majiko makubwa: ya shule, ya hospitali, ya jela. Alipostaafu, akaanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alitaka wabunge watunge sheria ya kutumia kuni na stima bila kuzipoteza ovyo, na ndani ya sheria hiyo kuwe na mfuko wa kuzijengea shule za umma majiko yaliyofungwa, yenye bomba la kutoa moshi nje, yanayopikia watoto wengi kwa kuni chache. Mfuko ndio aliokuwa akiupigania hasa. "Sheria bila mfuko ni salamu tu," alikuwa akisema. "Unasalimiwa, unarudi nyumbani na njaa yako."

Mimi sikusoma sana. Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Lakini jiko ninalijua. Nilipika katika shule moja ya bweni huku kwetu kando ya Waiyaki Way, mimi na Atieno, juu ya mawe matatu na sufuria unayoweza kumwogeshea ndama. Magogo yalikuwa marefu kuliko mtu. Unawasha ncha moja, nyingine inakaa mlangoni. Masizi yalining'inia kwenye mabati kama nywele. Siku moja mchana gogo likateleza, sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ikainama, moto ukapanda hadi kwenye masizi, na dari lote likawaka juu ya vichwa vyetu. Mimi nilitoka na mkono huu na kifua hiki. Atieno hakutoka.

Gathimba alijenga jikoni upya kabla ya wanafunzi kurudi. Alibadilisha mabati. Mawe yalibaki yaleyale. Leo pale aliposimama Atieno anasimama Nduku, msichana niliyemfundisha mimi kupika ugali wa watu wengi, na kila nikimwona ananiambia, "Auntie, macho yananiwasha," kana kwamba mimi ndiye daktari. Kwa hivyo mtu akiniuliza mfuko huo ulinihusu nini, jibu ni Nduku.

Inspekta nilimjulia hospitalini. Alikuja siku ya tatu akavuta kiti. Hakusema pole. Aliuliza, "Gogo lilikuwa limelala upande gani?" Nikamwambia upande wa mlango. Akafunga macho kidogo, akauliza tena, "Masizi yalikuwa marefu kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa mkono uliobaki mzima. Akaandika. Nilipotoka alinipa chumba katika ploti yake ya vyumba vya kupangisha hapa Kinoo, nambari nne, na sikuuliza kwa nini. Mtu aliyeungua haulizi anayempa kitanda.

Kuishi kwa Inspekta kulikuwa kama kuishi ndani ya mita ya stima. Koili ya kuchemshia maji ilikuwa marufuku. Akiipata anaitundika msumarini mlangoni kwake kama ngozi ya mnyama. Alipita koridoni mchana, mikono nyuma, akichungulia madirisha. Akiona taa imewaka chumba kisicho na mtu, anagonga mlango wa jirani na kuuliza, "Huyu ameuachia ukuta usome?" Baba Shiro, fundi viatu wa chumba cha kwanza, alimwambia siku moja, "Inspekta, hata jua ungelifikia ungelizima."

"Jua halina mita," akajibu, akaendelea na safari yake.

Kuhusu moshi alikuwa na maneno yake. Moshi, alisema, ni kuni zilizokataa kazi. Ulizikata, ulizibeba, ukazilipia, kisha zikapanda angani bila kuivisha hata punje moja, na njiani zikapitia kifuani mwako. Hayo niliyasikia mpaka nikaweza kuyasema usingizini. Lakini huyo huyo, kila Krismasi, alipanga mawe matatu nyuma ya nyumba yake akapika njahi, yale maharagwe meusi, kwa kuni. Nilimfuma mara ya kwanza nikadhani nimekosea ploti.

"Inspekta, na hii?"

"Njahi ya jiko la kisasa ina ladha ya dawa," akasema bila aibu. "Na wewe usisimame hapo, moshi unakuja upande wako. Kaa kule, kifua chako." Akanisogezea kiti kwa mguu.

Mambo ya lifti pia. Kule mjini, kwenye jengo refu la ofisi za wabunge, aliwaambia vijana wenye suti, "Ghorofa mbili na magoti yako mazima, unapandia stima ya nini?" Wakitoka kwa aibu kwenda kwenye ngazi, yeye anaingia lifti na kubonyeza ghorofa ya pili. Nilimwangalia. "Magoti yangu si mazima," akasema.

Sasa huko bungeni. Watu wengi wanadhani kwenda bungeni ni jambo kubwa. Ni foleni. Unafika getini, unaacha kitambulisho, unaandika kwenye daftari la wageni: jina, nambari ya kitambulisho, sababu ya kuja. Inspekta aliandika sababu ileile kila mara, kwa herufi kubwa zilizonyooka: KUTOA MAONI. Kisha tunaingia na kungoja.

Alikuwa na mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya wauza viazi, na mara ya kwanza alikuja na mafungu mawili ya kuni yaliyofungwa kwa kamba ya gunia. Fungu kubwa lilikuwa la sufuria moja ya githeri kwenye mawe, dogo la sufuria hiyohiyo kwenye jiko lililofungwa. Alitaka wabunge wayashike wenyewe. Askari wa getini akayatazama, akamwita nyanya kwa Kikuyu.

"Cucu, kuni haiwezi kuingia bunge."

"Kwa nini?"

"Ni silaha."

"Hizi ndizo zinapikia watoto wa wale wanaowapigia kura hao wakubwa wako."

"Sawa, lakini hapa hatupiki, Cucu. Weka hapo kando utazichukua ukitoka."

Tulipotoka tulizikuta zimetupwa kwenye pipa la taka. Aliokota kijiti kimoja kimoja, mbele ya watu wa mjini waliovaa vizuri, akafunga upya. Kuanzia siku hiyo hakubeba kuni tena. Alinibeba mimi.

Hilo ndilo jambo ambalo kwa miaka sikumsamehe. Tukishaingia kwenye kamati, akishamaliza mahesabu yake, ananigeukia na kusema, "Mpishi, kunja mkono wa sweta." Nami nakunja. Wabunge wanatazama ngozi yangu iliyokunjamana, mmoja anasema woi, mwingine anatazama simu. Kisha Mwenyekiti Tindwa anasema neno lake moja: "Tumepokea."

Inspekta alilichukia neno hilo kuliko koili. "Wamepokea nini?" alikuwa akiniuliza tukishuka. "Ukimpa mtu kitu akapokea, si unaona mkono wake umeshika? Umeuona mkono wa Tindwa umeshika nini?" Nilimjibu kwamba nimeuona umeshika sambusa. Hakucheka, lakini alirudia hayo kwa Baba Shiro jioni ile, kwa hivyo najua yalimfurahisha.

Mkono wangu umetazamwa na wabunge wengi kuliko barabara ya kwetu. Kama kutazama kungekuwa kujenga, Nduku angekuwa na jiko katika kila kona ya shule.

Yupo basi Mheshimiwa Rugiti. Huyu ndiye aliyesema, mimi nitaubeba mswada wenu. Tulimwamini, kwa sababu alikuwa mbunge wa kwanza kutupa viti. Alituita nyumbani kwake Loresho Jumamosi moja mchana, kuna wageni wengine, nyama inachomwa. Jua lilikuwa la kupasua kichwa na taa zote za ukuta wa nyumba ile zilikuwa zinawaka, kutoka getini hadi kibanda cha mbwa. Nilimwona Inspekta akitoa daftari. Nikamvuta koti. Nilijua.

Alizunguka nyumba yote. Alihesabu taa. Alifungua friji tatu, moja ilikuwa na chupa mbili za maji tu. Alimuuliza kijakazi bafu la wageni linachemshwa saa ngapi, akaambiwa halizimwi. Aliporudi kwenye nyama alisoma orodha yake mbele ya kila mtu, kwa sauti ile ya ukaguzi, haina hasira wala heshima.

"Mama," Rugiti akasema akitabasamu, "umekuja kunisaidia ama kunikagua?"

"Ni kazi moja, Mheshimiwa."

Wageni walicheka. Yeye pia alicheka. Lakini mimi nimewapakulia wakubwa chakula miaka mingi. Ninajua kicheko cha mtu ambaye hatakula tena kwako. Mswada ulipochapishwa, kipengele cha mfuko hakikuwemo. Mahali pake palikuwa na mstari unaosema serikali itahamasisha wananchi kuhusu matumizi bora ya nishati. Kuhamasisha. Nduku ahamasishwe nini, na macho hayo? Tulipomfuata Rugiti kwenye korido alisema, bila kusimama, "Mama, mambo ya pesa si ya mbunge mmoja, hiyo ilikuwa lazima iende kamati ya bajeti, na bajeti haina kitu." Mwaka huohuo walijitengea magari mapya. Hilo liliandikwa kwenye magazeti yote. Si mimi ninayelizua.

Siku hiyo nilimlaumu Inspekta waziwazi. Tulikuwa tumeketi kwenye ukuta mfupi nje ya jengo, ameweka mizani mapajani.

"Zile taa zake ungenyamaza," nikamwambia. "Ungekula nyama, ukanyamaza, tungekuwa na mfuko."

Aliizungushia mizani kamba yake. "Nilinyamaza mara moja," akasema. "Sinyamazi tena."

Nilidhani anaongea kuhusu mume wake. Watu walisema alikuwa na mume mkali zamani. Sikuuliza.

Kilichofuata kilikuwa semina, maana wakubwa wakishaua kitu hukifanyia semina. Ilikuwa hoteli moja Kilimani, na humo ndani baridi ya mashine ilikuwa kali hivi kwamba wanawake walijifunika shuka za Kimaasai zilizokuwa za mapambo ya meza. Mada ilikuwa kuokoa stima. Tindwa alikuwa anahutubia. Inspekta aliinuka kwenye kiti cha nyuma, akatembea taratibu hadi ukutani, akabonyeza kitufe, mashine ikanyamaza, akarudi kukaa. Baada ya dakika kumi kijana wa hoteli akaja akaiwasha. Inspekta akainuka tena. Walifanya hivyo mara nne, yeye na yule kijana, bila kuzungumza, na nadhani ndiyo kazi pekee iliyofanyika siku ile. Mwisho tulipewa vyeti. Changu kimeandikwa kwamba nimeshiriki.

Kisha bunge likamaliza muda wake, uchaguzi ukaja, na wakatueleza kwamba mswada ambao haujapita unakufa pamoja na bunge lake. Inspekta aliwaambia watu wa ploti, "Mswada umefariki," kwa sauti ya kutangaza msiba, na Baba Shiro, ambaye hakuelewa, akatoa pole.

Walipokuja wabunge wapya aliuanza upya, lakini sasa magoti yalikuwa yamekataa na kifua pia. Tindwa alirudi kwenye kiti kilekile. Rugiti akapandishwa cheo. Gathimba akastaafu kwa sherehe, akapewa ng'ombe. Nduku akaanza kukohoa.

Nakuja sasa kwenye mwaka huu. Tangazo lilitoka gazetini kwamba kamati inapokea maoni kuhusu mswada mpya, Alhamisi. Inspekta alinitumia mtoto wa jirani aniite. Nilimkuta sebuleni kwake mchana, pazia limefunguliwa ili asiwashe taa, faili lake limefungwa kwa kamba ya gunia. Alifungua, akatoa karatasi nyepesi ya nakala, ile ya rangi ya samawati ya chini ya kaboni, akanipa.

"Soma."

"Inspekta, unajua mimi na kusoma."

"Hii utaweza."

Ilikuwa fomu ya ukaguzi. Jina la shule yetu nililijua kwa umbo lake, nilikuwa nimeliona kwenye geti kila asubuhi. Chini yake kulikuwa na maneno machache: jiko linafaa kuendelea kutumika. Kisha saini. Saini hiyo ninaijua, iko kwenye kila risiti ya chumba changu. Na mwezi ulioandikwa juu ulikuwa wa muhula mmoja kabla ya moto wetu.

Nikakumbuka. Mgeni wa serikali alikuja, tuliambiwa tufagie. Nilikuwa ndani kwenye moshi, nikaona tu mtu mrefu amesimama mlangoni, mwanga uko nyuma yake. Hakuingia. Hakuna mgeni aliyekuwa akiingia, moshi ulikuwa unafukuza watu.

"Ulikagulia mlangoni," nikasema.

"Nilikagulia mlangoni. Gathimba aliniuliza, ukifunga hii jikoni watoto watakula nini kesho? Na mimi sikuwa na sheria ya kumlazimisha, wala mfuko wa kumpa jiko lingine. Nilikuwa na kalamu tu. Kwa hivyo nikaandika linafaa." Aliangalia mikono yake. "Kisha nikanywa chai. Mwenzako ndiye aliyeniletea. Aliniuliza kama sukari inatosha."

Nilikaa. Niliifikiria nambari nne, na kile kiti cha hospitalini, na mkono wa sweta, miaka yote hiyo. Nikaiweka ile karatasi juu ya faili lake.

"Uipeleke Alhamisi," akasema. "Magoti yangu hayatafika. Uwasomee. Uwaambie jina langu."

"Sipeleki."

"Mpishi."

"Sipeleki, Inspekta. Huu mkono umebeba vya kutosha. Hiki ni chako. Utakwenda mwenyewe, hata kama tutakubeba kwa kiti."

Tulimbeba kwa kiti, mimi na Baba Shiro, kutoka mlangoni kwake hadi kwenye gari la mpwa wake. Nilikuwa sijamsemesha siku mbili, ila kumwambia kwamba nitahama nambari nne. Getini pale mjini aliinama juu ya daftari la wageni na kuandika jina, nambari, na kwenye sababu ya kuja akasita. Nilichungulia. Hakuandika kutoa maoni. Aliandika KUTOA USHAHIDI.

Ndani ya kamati kulikuwa na viti vingi na wabunge watatu. Tulingoja. Tindwa akatazama saa, akasema idadi haijatimia, hivyo kikao hakiwezi kuendelea, wananchi wataarifiwa tarehe nyingine. Karani aliyekuwa akiandika akafunga kalamu yake na kuzima kinasa sauti. Tindwa akaanza kukusanya karatasi.

Inspekta akashika meza akasimama. Nikainuka kando yake kwa mazoea, nikaanza kukunja mkono wa sweta.

"Teremsha," akaniambia polepole. "Leo si wewe."

Akasema jina lake kamili. Akasema cheo chake. Akasema shule, na mwezi, na maneno aliyoyaandika, na kwamba aliyaandika akiwa amesimama mlangoni. Akasema jina la Atieno, lote, hadi la baba yake, na mimi sikujua kwamba analijua. Akasema, "Niliandika linafaa kwa sababu nyinyi hamkuwa mmeandika kitu. Kuna wakaguzi wengine leo wamesimama kwenye milango, na wataandika nilivyoandika. Wekeni mfuko."

Hakuna aliyesema tumepokea. Mbunge mmoja kijana alikuwa ameshusha simu. Tindwa alisema kwa upole, akimtazama karani na si yeye, "Mama, tunashukuru, lakini kama nilivyosema, hiki si kikao. Hayo hayawezi kuingia kwenye kumbukumbu."

Tukatoka. Nje, kwenye ule ukuta mfupi, aliniuliza kama bado ninataka kuhama nambari nne. Nilimwambia sijui, na ni kweli, mpaka leo sijui. Nilimfunga vifungo vya koti kwa sababu upepo ulikuwa unamwingia.

Tarehe nyingine haijatangazwa. Nduku yuko jikoni sasa hivi ninavyoandika, ni saa za githeri. Karani hakuandika, ndiyo maana nimeandika mimi, na makosa yangu yote ya darasa la sita. Wale wengine nimewataja kwa sababu hawajajitaja. Yeye alijitaja mwenyewe, mbele ya watu watatu na viti vitupu.